Joni Mitchell: tuanze na gitaa, mapenzi yake yasubiri

Ikitajwa albamu ya Blue ya mwaka 1971, mazungumzo huhamia haraka kwa wanaume aliowapenda Joni Mitchell, mwimbaji na mpiga gitaa wa Kanada. Naona hapo tunamdhulumu. Safari yake yote ya muziki imesimama juu ya namna alivyotyuni gitaa, yaani alivyokaza na kulegeza nyuzi kuamua kila uzi utoe noti ipi.

Akiwa na miaka tisa, huko Saskatchewan, Kanada, aliugua polio. Mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi, ukabaki dhaifu, na baadhi ya mikao ya vidole katika tyuni ya kawaida (E A D G B E, kuanzia uzi mnene, wa sita, hadi mwembamba, wa kwanza) ikawa migumu kwake. Akazilegeza nyuzi hadi zenyewe, zikipigwa wazi, bila kubanwa, zitoe sauti anayoitaka. Wapiga blues walikuwa na tyuni za namna hiyo tayari, lakini yeye alifikisha zaidi ya 50.

Jaribu moja, D wazi. Uzi wa sita ushushe hadi D, wa tano na wa nne uziache, wa tatu ushushe hadi F#, wa pili hadi A, wa kwanza hadi D. Yeye angeiandika D75435: uzi mnene ni D, ubane freti ya 7 (freti ni vile vyuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), upate sauti ya uzi unaofuata, huo nao freti ya 5, na kuendelea. Wengi hukosea kwa kushusha uzi mpaka kwenye noti na kuishia hapo. Uzi hunasa kwenye nati, kile kijipande chenye mifereji ya nyuzi mwishoni mwa shingo, na katikati ya wimbo sauti inateleza. Ushushe kupita noti, kisha uupandishe taratibu. Nyuzi nyembamba nazo zikilegea hukwaruza freti, kwa hiyo tumia seti nzito, inayoanzia unene wa inchi 0.013.

Tyuni hizo zilimpa noti zinazoning'inia bila kutua, na wanamuziki wa roki walipata shida kumfuata. Ndiyo maana kwenye albamu ya Court and Spark ya 1974 utawasikia L.A. Express, watu wa jazz, na kwenye Hejira ya 1976 besi isiyo na freti ya Jaco Pastorius. Waliomlaumu kwamba aliikimbia folk, muziki wa kiasili alioanza nao, hawakusikiliza mkono wake: jazz ilikuwemo humo tangu mwanzo. Kwangu Hejira inaipita Blue.

Gharama ilikuwa jukwaani, kutyuni upya baina ya nyimbo. Mwaka 1995 alianza kutumia Roland VG-8, mashine inayobadilisha sauti ya kila uzi kielektroniki, nyuzi zenyewe zikibaki katika tyuni ya kawaida.

Mshipa wa ubongo ulipopasuka mwaka 2015, ilimbidi ajifunze gitaa upya, akitazama video zake mwenyewe aone vidole vilikaa wapi. Julai 2022, kwenye tamasha la Newport, alipiga Just Like This Train kwa gitaa la umeme, bila kuimba. Ukitaka kuupiga wimbo huo, tafuta tyuni yake kwanza. Kwa tyuni ya kawaida utaipata melodi, lakini zile noti za katikati zitakukwepa.