Karo Pekee Haimtoshi Baba

Mtu akitaka kumshukuru babake mbele za watu, neno la kwanza kumtoka ni karo. "Alinisomesha." Utalisikia harusini, utalisikia matangani. Nami nilisomeshwa, na naijua kila shilingi ya karo yangu ilivyopita katika viganja vyake vyenye sugu. Lakini nikikomea hapo nitakuwa nimempunja, maana kilichonifaa zaidi maishani sikukipata kwa karo.

Babangu ni fundi wa kukalafati, Matondoni, kisiwani Lamu. Kwa asiyejua: mbao za jahazi, hata zikipigiliwa na fundi hodari vipi, hubaki na nyufa baina yao. Nyufa hizo hujazwa pamba iliyosokotwa na kuloweshwa mafuta, ikashindiliwa kwa chuma bapa na nyundo ya mti. Kisha chini ya chombo hupakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na shahamu. Watu husifu tanga, husifu nakshi za omo, husifu nahodha aliyeshinda mashindano. Kalafati hapana anayeitaja mpaka siku chombo kivuje.

Nilikuwa na miaka minane au tisa alipoanza kunichukua pwani maji yakipwa. Mama alikuwa barazani akisuka jamvi, na shangazi yangu hakuficha lake: "Mwana wa kike na vyombo, wapi na wapi?" Baba hakumjibu. Aliniambia tu, "Ndoo, mamangu," yaani njoo, akanipa pamba nisokote.

Kwanza alinifunza kusikiliza. Pamba ikiwa bado haijajaa, nyundo hutoa mlio mzito, uliozubaa. Ikijaa sawasawa, mlio hukaza, ukawa mkavu. Alinifumbisha macho akawa agonga huku akiniuliza, "Imejaa?" Nikikosea hakucheka. Aligonga tena.

Siku moja nilichoka, nikaipitisha pamba juu juu tu, chini kabisa karibu na mkuku, uti wa mgongo wa chombo, mahali nilipojua hapana mtu atakayeinama kutazama. Akaja, akagonga mara mbili. Hakunigombeza. Aliichomoa pamba yote, dhiraa nzima, akanirudishia mkononi.

"Mai hayaoni haya, mamangu. Yataingia papo hapo ulipovivia."

Maji yenyewe yalikuwa yamekwisha kuanza kujaa. Tuliimaliza kazi ile tumesimama yametufika magotini, yeye akishindilia na mimi nikimpa pamba, na hakusema neno jingine mpaka tukafika nyumbani.

Sisi watu wa Lamu na Pate tuna utenzi wa Mwana Kupona, alioutunga mwaka 1858 kumuusia bintiye. Tumeusikia tangu utotoni, na huenda ndiyo sababu twadhani kumuusia mtoto wa kike ni kazi ya mama, na kwamba usia sharti uwe maneno. Namheshimu sana bibi yule, lakini katika hili siafiki. Wako akina baba ambao usia wao wote umo mikononi, na binti asiyekaa karibu na mikono hiyo hatarithi kitu. Shangazi alidhani Baba anipeleka pwani kunifanya mwanamume. Alikuwa ananifanya mtu.

Nilikuja kuwa karani wa hesabu, Malindi. Mwaka wangu wa pili kazini, mkubwa wangu alinitaka niingize vitabuni risiti za dizeli ambayo haikununuliwa. Ni kidogo, alisema, tena hapana atakayekagua. Nilipolisikia neno hilo niliona mkuku wa chombo kile mbele ya macho yangu. Nikakataa. Mwezi haukuisha nikawa sina kazi, na kodi ya chumba yanidai.

Nilimpigia Baba simu nikilia. Nilitaraji nasaha, au lawama, au hata hasira kwa niaba yangu. Aliuliza neno moja:

"Una nauli?"

Sikuwa nayo. Jioni ile ile pesa ziliingia kwenye simu yangu. Nikapanda basi hadi Mokowe, nikavuka kwa boti, na pale gatini Amu, mjini Lamu, nikamkuta amesimama, kanzu yake ya Ijumaa mwilini na haikuwa Ijumaa. Nikambusu mkono. Akauchukua mkoba wangu. Hakuuliza kitu mpaka nimekula nikashiba. Nilipomweleza yote alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Umeichomoa. Vyema."

Nasikia vijana wenzangu wakisema baba zetu wa pwani ni wagumu, hawajui kutamka mapenzi. Wako walio wagumu kweli, na siwezi kumwambia mtoto aliyeumizwa kwamba hakuumizwa. Ila kwa wale kama wangu, nauliza kama tumewahi kutega sikio. Mimi sijaambiwa "nakupenda" hata siku moja. Nimeambiwa "una nauli?" na nikaelewa.

Idi iliyopita nilikwenda nyumbani. Kazi zimepungua siku hizi, boti za faiba hazihitaji pamba, lakini palikuwa na mashua moja imepandishwa kwa maji ya bamvua, na Baba alikuwa chini yake. Masikio yake yameisha. Miaka zaidi ya arubaini ya nyundo karibu na kichwa si mchezo, na nilikuwa nikilijua hilo kwa simu, kwa jinsi anavyonirudishisha maneno. Sikuwa nimefikiri maana yake kwa kazi yake.

Aliponiona akasogea akanipa nafasi. Nikakunja buibui nikachutama, nikaweka sikio kwenye ubao. Akagonga mara mbili, akanitazama midomo.

"Imejaa?"

"Bado, Baba," nikamwambia kwa sauti. "Gonga tena."