Baraza Jangwani

Shangazi yangu wa Tanga alipopata habari kwamba tumeuza nyumba yetu Columbus, Ohio, na kuhamia kwenye gari, alinipigia simu kwake ikiwa asubuhi, huku kwetu usiku wa manane. Hata hali hakunijulia. "Mwanangu, ndiyo umekuwa utingo uzeeni?"

Nilicheka mpaka mke wangu akaamka. Lakini swali lilinikaa, maana hata mimi sikuwa na hakika kwamba tumefanya jambo la akili. Gari lenyewe ni la mwaka 2006, futi 28, lina kitanda juu ya dereva, jiko la gesi la plate tatu, na bafu ambalo ukiinama kuokota sabuni unafungua mlango kwa makalio. Galoni moja ya petroli haituvushi maili tisa. Aliyetuuzia alisahau kututajia kwamba paa linavuja. Habari hiyo tuliletewa na mvua ya Missouri, saa tisa usiku, kwenye mto wangu. Na kumwaga tangi la choo ni kazi ambayo hakuna kitabu cha picha kitakachokuonyesha.

Sasa tuko mwaka wa tatu barabarani, na watu huniuliza nimeona nini. Wanatarajia nitaje milima. Kweli nimeiona. Nimenunua kadi ya wazee ya hifadhi za taifa, dola 80 tu, ya maisha yote, maana nimeshapita miaka 62. Ukingoni mwa Grand Canyon nilisimama, nikasema subhanallah, nikapiga picha kama wenzangu, na baada ya nusu saa nikataka chai. Nisieleweke vibaya, lile bonde ni la ajabu. Ila sikuuza nyumba kwa ajili ya bonde, na si bonde lililonifanya nisitamani kurudi.

Kilichonishika ni maji, kwanza.

Tangi letu la maji safi ni galoni 40, kama lita 150. Jangwani huko Arizona, ambako hakuna bomba la kuunganisha, majirani zetu wenye matangi makubwa kuliko letu walikuwa wanaishiwa siku ya nne. Sisi, wawili, tulifika siku ya kumi. Jirani mmoja, mzee wa Minnesota aliyefanya kazi ya reli maisha yake yote, alishindwa kuvumilia akaja kuuliza tuna mtambo gani. Mke wangu akaingia ndani akamletea mtambo: ndoo na kopo.

Akadhani anataniwa. Ikabidi nimwonyeshe, nikiwa na nguo zangu zote, jinsi mtu anavyooga kwa nusu ndoo: kopo la kwanza la kulowesha, unafunga mkono, unajisugua bila haraka, kisha makopo matatu manne ya kusuuza kuanzia kichwani, na ya mwisho ya miguu. Maji ya kuoshea mchele hayamwagwi, yanasuuza sufuria. Vyombo havioshwi chini ya bomba linalotiririka kama mto Pangani. Miaka 22 ya Ohio nilikuwa nimesahau kwamba najua mambo haya. Niliyaona ya kishamba, nikayaacha kule Tanga, uani kwa bibi, mtaa wa Ngamiani, barabara ya kumi na mbili. Kumbe ni ujuzi, na mtu mzima mwenye pensheni ya reli anauandika kwenye kijitabu!

La pili ni baraza. Columbus, jirani yangu wa kulia nilimjua kwa gari lake. Mlango wa gereji unapanda, gari linaingia, mlango unashuka, basi. Simlaumu, nami nilikuwa hivyohivyo. Nilikuwa nimeshakubali kwamba Wamarekani ndivyo walivyo, na kwamba aliyehamia kwao lazima aisome hiyo tabia pamoja na baridi. Sasa nadhani nilikosea. Kilichotufunga ni nyumba. Nyumba kubwa inamtosheleza mtu kila kitu, hata asione sababu ya kutoka.

Gari-nyumba halimtoshelezi mtu. Likiisha jua kali, ndani hakukaliki. Watu wote wanatoa viti, wanakunjua turubai la pembeni, wanakaa nje wakitazama wapitao. Ngamiani vyumba vya kupanga vilikuwa hivyohivyo, ndiyo maana maisha yote yalikuwa kibarazani. Hapa anayepita anakusalimia, na ukimjibu anasimama. Mke wangu akikaanga kitunguu cha pilau, harufu inafika magari manne upande wa upepo, na watu wanakumbuka ghafla kwamba walikuwa wamekopa nyundo yetu.

Mahali ninapopasimulia ni Quartzsite, mji mdogo wa Arizona kandokando ya barabara kuu ya 10. Wakazi wake wa kudumu ni kama elfu mbili na ushei, lakini msimu wa baridi wazee wanaokimbia theluji wanamiminika kwa maelfu na magari yao, wanajaza jangwa la serikali linalouzunguka. Tulilipa dola 180, ruhusa ya kukaa tangu Septemba 15 hadi Aprili 15. Miezi saba! Kwa hesabu hiyo hata shangazi alinyamaza kidogo.

Siku moja nilikwenda mjini kutafuta nati za bomba la gesi, nikapita makaburini. Katikati ya misalaba kuna kaburi la mawe lenye umbo la piramidi, na juu yake, ngamia wa shaba. Bango linasema hapo amelala Hi Jolly, aliyezaliwa mahali fulani Syria yapata mwaka 1828, akafariki Quartzsite mwezi Desemba 1902. Nikalisoma jina kimoyomoyo, kisha kwa sauti. Hi Jolly. Haji Ali! Wanajeshi walishindwa kulitamka, wakamfanya kichekesho, na hilo ndilo jina lililoandikwa kwenye kaburi lake.

Habari yake si ngeni kwa wenyeji wa pale. Mwaka 1855 Bunge la Marekani lilitenga dola 30,000 kununua ngamia wa jeshi kwa ajili ya majangwa ya magharibi, na mwaka uliofuata wakashushwa Texas pamoja na wachungaji wao, Haji Ali akiwa mmoja. Ngamia walibeba mizigo vizuri kuliko nyumbu, ila nyumbu na farasi waliingiwa na kiwewe wakiwaona, na wanajeshi hawakuwapenda. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaja, mradi ukafa, ngamia wakauzwa na wengine wakaachwa wakazurura jangwani. Haji Ali akabaki, akawa mpagazi na mchimba madini. Piramidi alijengewa mwaka 1935 na idara ya barabara ya jimbo.

Mimi nimezaliwa mtaa wenye jina la ngamia, na utoto wote sikumwona ngamia hata mmoja. Nikasimama pale kofia mkononi, nikamsomea Fatiha. Sijui kama kuna aliyewahi kumsomea. Bibi mmoja aliyekuwa akipiga picha akanisubiri nimalize, akaniuliza kama ni ndugu yangu. Nikamwambia ni jirani.

Jioni nikamsimulia mzee wa Minnesota, ambaye misimu tisa amepita pale bila kujua "Hi Jolly" ni nini. Tulikuwa kwenye dhumna. Hilo nalo sikulitegemea: anacheza dhumna, na sheria zetu karibu ni zilezile, tofauti ni matusi tu. Giza likiingia tunalaza vigae, tunatazama juu. Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho Tanga nilizoea kukitafuta upande wa kaskazini, huku Januari kinasimama karibu na utosi. Nilimwonyesha, nikamweleza kwamba kwetu wakulima walikitazamia mvua. Akasema kwao ni mabinti saba. Akahesabu sita, akalaumu macho yake.

Aprili tuliagana, wao kaskazini, sisi Utah. Kwenye kioo cha nyuma niliiona ndoo yake mpya ya bluu imefungwa kwa kamba nyuma ya gari. Novemba tunakutana palepale, inshallah. Ameniagiza nimtafutie dhumna za mbao kutoka Tanga. Anasema hizi zake za plastiki ukizipiga mezani hazitoi mlio wa kumtisha mtu.