Harusi iliyochemkia ndani ya Peugeot 504

Papa, mzee mwenye hiyo Peugeot 504, huhesabu umri wa gari kwa kilomita, basi. Gari lake hutoka Kamalondo, mtaa wetu wa Lubumbashi, siku za harusi tu. Siku nyingine linalala chini ya turubai, limepakwa nta, tairi zinang'aa kuliko viatu vya pasta. Nilipomwambia kwamba antijeli ya kijani, ile dawa inayochanganywa na maji ya radiateri, hubadilishwa kila miaka 2 hata kama gari halijasogea, alinitazama kama mtu aliyemkuta mwizi sebuleni.

"Fundi, haya maji yamekaa tu. Yatachokaje?"

Yanachoka, Papa. Sisi Lubumbashi hatuna barafu ya kupasua injini, kwa hiyo watu hudhani antijeli ni mambo ya Ulaya. Kumbe kinachotuhusu ndani yake ni dawa za kuzuia kutu, na hizo huisha kwa miaka, gari litembee lisitembee. Injini ya 504 ina bloku ya chuma, kulasi (kichwa cha injini) ya alumini, na shemizi, yaani silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka zimezungukwa na maji moja kwa moja. Dawa ikiisha, chuma na alumini ndani ya maji yale vinageuka betri, na anayeliwa ni alumini. Hili linapimika: injini iwe baridi na imezimwa, waya mweusi wa multimeta (kipima umeme) kwenye hasi ya betri, mwekundu uchovye kwenye maji ya radiateri bila kugusa chuma. Volti 0.3, anza kutafuta pesa ya antijeli. Volti 0.5, ulishachelewa. Ya Papa ilipita zote mbili.

Akafurahi. "Unaona? Hata betri imepata msaidizi!"

Basi ikafika Jumamosi ya mwezi wa kumi, jua lile la kabla ya mvua, msafara unakwenda mtaa wa Bel-Air. Papa kwenye usukani, mimi pembeni yake, maharusi nyuma. Mbele yetu mpiga video amesimama juu ya pikapu, na kila tukipata mwendo anapunga mkono: polepole! polepole! Gari likitambaa hivyo, upepo wa barabarani haupo, linabaki kutegemea feni. Na feni ya 504 haizunguki wakati wote. Hushikwa na sumaku ya umeme pale swichi ya joto inapoiamuru. Gari likilala muda mrefu, miguso ya ile swichi huota kutu, kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku nayo hukwama. Mshale wa joto ukaanza kupanda. Papa akaugonga kwa kidole ushuke.

Nikafungua hita mpaka mwisho. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza, kwa sababu hita ni radiateri ndogo ya pili, inatoa joto kwenye injini na kuliingiza ndani ya gari. Ndani ya gari alikuwemo bibi harusi mwenye shela, glovu na poda. Alivumilia kidogo, kisha akauliza kwa adabu kama hii ni desturi ya ukoo wa mume.

Mvuke ulipotoka tukasimama. Nikasema: zima, fungua boneti, kifuniko asikiguse mtu. Kwenye mwinuko wetu wa mita 1,200 hivi, maji huchemka karibu na nyuzi 96. Ndani ya radiateri hayachemki mapema hivyo kwa kuwa kifuniko kinayabana. Ukikifungua, mgandamizo unaondoka na yote yanachemka kwa mara moja. Nilikuwa bado naeleza. Msimamizi wa bwana harusi, kijana wa vitendo, akachukua koti jeupe la bwana harusi, akalifunika pale, akazungusha.

Mkono ulipona, aliruka nyuma kwa wakati. Koti ndilo lililobeba yote, likawa rangi ya tofali, na pale kwenye kola pameganda kipande cha tope chenye umbo la kifungo. Shangazi mmoja akaja mbio na chupa za maji baridi za wageni. Huyo nilimzuia kwa mwili wangu: maji baridi kwenye kulasi ya moto huipinda au kuipasua, na hapo jointi ya kulasi, gasketi iliyo kati yake na bloku, inakwenda nayo.

Jumatatu injini ilikuwa baridi, tukaanza kazi. Hita wazi, kifuniko nje, bomba la chini la radiateri likafunguliwa: supu. Halafu nati ya kumwagia iliyo ubavuni mwa bloku, ile mafundi wengi huiruka na kuacha maji mengi ya zamani ndani. Nikaifungua, hakikutoka kitu. Nikachokoa kwa waya. Ikatoka mboji, ndipo maji. Termostati (vali inayofungulia maji njia yakipata moto) nje, radiateri ikasukumwa maji kutoka chini kwenda juu mpaka yakatoka meupe. Swichi ya feni ikabadilishwa, kaboni ikasafishwa. Yale machafu tuliyakinga kwenye dumu lenye kifuniko, maana ni sumu tamu, na mbwa wa Papa alishaanza kusogea.

Mfumo unabeba karibu lita 8. Kwa kuwa maji ya kusafishia hubaki kidogo kwenye bloku, tangulia na lita 4 za antijeli isiyochanganywa, kisha jaza kwa maji yaliyotoneshwa, yale yasiyo na madini ambayo wengi huyaita maji ya betri. Dukani soma chupa vizuri: ukisema maji ya betri unaweza kupewa asidi. Usichanganye aina, na usiamini rangi, kila kiwanda kina rangi zake. Zipo za miaka 5, ila kwa radiateri ya shaba iliyochomelewa kwa risasi mimi nabaki na ya zamani, ya miaka 2. Ukimaliza, toa hewa, washa mpaka bomba la juu lipate moto, na kesho yake ongeza likiwa baridi.

Papa alikuwa kimya muda wote, anapiga hesabu.

"Hiyo miaka 2 inaanza lini? Siku ya kumimina, ama siku ya harusi ya kwanza?"

"Siku ya kumimina, Papa."

"Basi ngoja, usimimine. Harusi nyingine iko mwezi wa kumi na mbili."

Lita ya tatu ilikuwa inaingia.