Shangazi, Manjano na Shati la Mshenga

Kamati ya sendofu ya mdogo wangu, iliyokuwa ikikutana nyumbani kwetu Majengo, Moshi, ilipitisha kwa kauli moja kwamba rangi za shughuli ziwe zambarau na dhahabu, na kwamba sabuni za kuwapa wageni pamoja na mishumaa ya mezani nitengeneze mimi, kwa kuwa ndiyo kazi inayonilisha. Niliwasilisha bajeti: kwa mishumaa, rangi maalumu inayoyeyuka katika mafuta, kwa sabuni, oksaidi ya chuma na ultramarini za daraja la vipodozi, ambazo hazitishwi na kostiki soda, ile inayoyageuza mafuta kuwa sabuni. Shangazi, ambaye ndiye aliyekuwa mhazini, na ambaye neno lake katika harusi ya binti wa kaka yake halipingwi, aliisoma bajeti ile mara mbili, akavua miwani, akauliza kama nilikuwa nimeagiza rangi au gari.

Kesho yake alirudi kutoka soko la Mbuyuni akiwa na rozela kavu, manjano ya unga, kichupa cha rangi ya keki na pakiti ya oksaidi nyekundu aliyoipitia duka la vifaa vya ujenzi.

"Si umesema oksaidi, mwanangu?"

Nilimweleza kwamba ile ni ya sakafu na haikutayarishwa kwa ajili ya ngozi ya mtu. Akajibu kwamba sakafu ya sebuleni kwake ina miaka mingi na haijawahi kuwashwa.

Tulianza na mishumaa. Rangi ya keki ni ya maji, na maji hayachangamani na nta; kwa hiyo ilizama yote hadi chini ya sufuria ya parafini ikawa vitone vya zambarau, huku nta yenyewe ikibaki nyeupe kana kwamba haikuambiwa lolote. Shangazi alininyang'anya mwiko, akiamini kwamba nimekosa nguvu za kukoroga. Mshumaa wa majaribio uliwaka vizuri mpaka moto ulipokifikia kitone cha kwanza, ukalia pa-pa-pa, ukazimika. Oksaidi ya sakafu nayo haikuyeyuka, bali iliziba utambi. Mishumaa ikabaki myeupe na kufungwa utepe wa zambarau, uamuzi ambao muhtasari wa kikao unaonyesha kuwa ulikuwa wa Shangazi.

Sabuni ndiyo iliyotuumbua. Wekundu wa rozela huishi kwenye uchachu tu. Ulipokutana na maji ya kostiki uligeuka kijani, kisha kijivu ambacho hakuna bibi harusi angekikubali. Manjano yaliyokorogwa katika mafuta ya nazi na mawese yalipendeza kweli kweli, lakini nilipomimina kostiki, mchanganyiko mzima ukawa mwekundu kama damu. Shangazi alirudi nyuma hadi mlangoni, akainua mkono na kuanza kukemea.

Ili kumtuliza, nilichota kidogo katika kisahani na kukamulia ndimu, na papo hapo manjano yakarudi. Nilimweleza kwamba manjano hugeuka mekundu kila pH, kipimo kinachopanda kadiri uchachu unavyopungua, inapopita 8 na kidogo, wakati sabuni hukaa kati ya 9 na 10. Yeye aliona maombi yamejibiwa, akaagiza ndimu za kutosha sufuria nzima. Ilinichukua jioni yote kumshawishi kwamba ndimu ingeila kostiki kabla haijayageuza mafuta kuwa sabuni, nasi tungewagawia wageni uji wa mawese. Alikubali, ila kwa kinyongo.

Baada ya wiki 4 za kukauka, ule wekundu ulikuwa umepoa na kuwa rangi ya chungwa lililoiva, ambayo chini ya taa za ukumbi, na kwa mtu mwenye nia njema, ingeweza kuitwa dhahabu.

Siku yenyewe, mshenga wa upande wa bwana harusi, aliyevaa shati jeupe la kupigiwa pasi kwa heshima zote, alijimwagia mchuzi wa kuku kifuani. Shangazi alifika kabla ya mtu mwingine yeyote, akiwa na beseni na kipande cha sabuni yetu, akasugua kwa bidii. Mchuzi ulikuwa umetiwa manjano. Doa likawa jekundu, likatanuka kadiri alivyozidi kusugua, na mama mmoja wa meza ya jirani akapiga ukunga. Mshereheshaji alisimamisha muziki. Nesi mmoja miongoni mwa wageni aliamuru mgonjwa alazwe chini, na mshenga, ambaye mpaka dakika ile alikuwa mzima kabisa, alilala bila kubisha, akauliza kwa sauti ya chini nani amemchoma.

Nilichukua vipande vya ndimu kutoka sahani ya supu, nikapiga magoti na kumkamulia kifuani mbele ya wakwe wote. Wekundu ulififia, likabaki doa la kawaida la mchuzi, na ukumbi ukapiga makofi.

Shangazi alikuwa ameshashika maiki.

"Nilisema tangu jikoni," aliwatangazia, "kwamba sabuni hii inadai ndimu."