Maiki ya Bosi Haipulizwi

Mimi nina mabosi wawili. Wa kwanza analipa mshahara, tarehe anazijua mwenyewe. Wa pili ananing'inia kwenye stendi katikati ya studio, kafungwa mipira kila upande asisikie mtikisiko, na huyo ndiye mwenye masharti. Ni maiki ya kondensa, ile ya studio inayosikia hata mnong'ono, tena ya valvu, kile kichupa cha kioo kinachowaka kama taa na kukuza umeme wa sauti. Mganga wa kienyeji hana miiko mingi namna hii.

Asubuhi naingia, chai sijagusa, naanza na yeye. Hawashwi ovyo. Kwanza waya wake mnene wa pini saba uchomekwe kwenye kisanduku chake cha umeme, ukazwe mpaka ushike, ndipo uguse swichi. Kuchomeka au kuchomoa umeme ukiwa ndani ni marufuku. Ile volti 48 ya kwenye mikseri, inayowatosha wenzake wote, yeye haitaki. Ana kisanduku chake binafsi, maana valvu inadai volti mia na ushee, na bado kuna uzi ndani yake unaotaka umeme wa peke yake wa kuupasha. Halafu unamsubiri nusu saa apate moto. Mimi nikiomba nusu saa ya chai naambiwa mvivu.

Na umeme wa mtaani kwetu Kinondoni mnaujua. Unakatika msanii yuko katikati ya kiitikio. Mimi mbio kuzima kisanduku, usije ukarudi kwa pupa ukamkuta mheshimiwa kawashwa. Ukisharudi, nusu saa tena. Msanii analipa kwa saa, ananitolea macho: "Braza, umeme si huo? Mbona hatuanzi?" Namwambia maiki inapata moto. Anajifuta jasho usoni, ananiangalia, anaangalia maiki. Najua anachotaka kusema.

Kwenye joto ndipo penye kasheshe yenyewe. Maiki hii inasikia kila kitu: bajaji inayopita, muuza kahawa anayegonga vikombe barabarani, tumbo la msanii asiyekula. AC nayo inaisikia, kwa hiyo tukirekodi AC inazimwa. Chumba hakina dirisha, kuta zote tumezitandika magodoro, na hii ni Dar es Salaam mwezi wa pili. Msanii anatota. Pumzi zake ni mvuke mtupu, na mbele yake kuna utando wa plastiki uliopakwa dhahabu, mwembamba kiasi kwamba unywele wako wa kichwani unaupita unene mara kumi. Umeme unaotoka kwenye utando ule ni kiduchu mno, valvu ndiyo inayoudaka na kuufanya uwe wa maana. Unyevu ukiweka kambi pale, ule kidogo wenyewe unavuja. Basi unaanza kusikia ta, tatata, kshhh. Tunasimama. Nawasha AC chumba kikauke. Maiki ikipona, nazima AC, msanii anaanza kutota upya. Wimbo wa dakika tatu tumeurekodi toka adhuhuri mpaka isha, na ulikuwa wimbo wa bashasha.

Jioni maiki ikishapoa vizuri naivua, naifuta, naifunika, naiweka kwenye sanduku lake na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vilivyoandikwa usile. Kuna duka la viatu Kariakoo wananijua: huyo kaja, mpeni uchafu wake. Vikishashiba maji napeleka nyumbani, namwaga zile punje kwenye kikaango kikuukuu, moto mdogo. Mke wangu kasimama mlangoni mikono kiunoni: "Baba Asha, unakaanga nini?" Nakausha vya maiki. "Na nguo za mwanao zilizonyeshewa, nani anazikausha?"

Wasanii nao. Kila anayeingia lazima apulize: fuu, fuu, testi. Mate yote kwenye dhahabu ya watu! Tumeweka kichujio cha soksi ya kike iliyovutwa kwenye duara la waya, wao wanainama wanakipita kwa chini. Nawapimia shubiri moja toka mdomoni, nikigeuka mtu kashaanza kuimeza.

Lakini siku ya kukumbukwa ni ile ya mpwa wa bosi. Kwenye kile kisanduku kuna kitufe cha kuzungusha, kinaamua maiki isikie mbele tu, pande zote, au mbele na nyuma. Mpwa akadhani ni sauti, akazungusha. Msanii kaja na wapambe, wamekaa nyuma ya maiki, kimya, wananong'ona tu. Kaimba kwa hisia, machozi kidogo. Tunasikiliza. Kwenye nafasi kati ya ubeti na kiitikio ikatoka sauti safi, ya karibu, yenye kina kuliko hata ya mwimbaji: "Huyu hajui kuimba, basi tu ana hela." Wapambe wote wakakumbuka wana shughuli nje.

Bosi akija na wageni habari hizo hasemi. Anawapeleka Berlin: Georg Neumann kafungua kiwanda cha maiki mwaka 1928, maiki yake ya U 47 ikatoka 1949, ndani yake valvu ya Telefunken iitwayo VF 14, ambayo haitengenezwi tena na bei yake leo unapata pikipiki. Wageni wanaitazama ya kwetu kwa heshima. Ya kwetu imetoka China, ina jina la Kijerumani ambalo Mjerumani mwenyewe akilisoma ataomba maji, na valvu yake ni 12AX7, hizi za kwenye amplifaya za magitaa.

Sasa kasema valvu za siku hizi hazina roho, kaagiza kuukuu mtandaoni. Imefika juzi. Lazima iwake usiku kucha kwanza itulie, na mtu awepo umeme ukikatika. Mlinzi kakataa, kasema yeye analinda mali, hakeshi na kitu kinachowaka chenyewe gizani. Basi mkeka nimeshabeba. Bosi kanipigia, kaniambia leo niwashe AC mpaka asubuhi, maiki isije ikapata unyevu.