Taekwondo, karate, ndondi: kweli zinampa mtoto kujiamini?

Kila shule zikifungwa mjadala huwa ni ule ule huku Eastlands, Nairobi. Mzazi mmoja anasema mtoto wake ataenda taekwondo apate kujiamini, maanake darasani hafungui mdomo na wenzake wanamnyang'anya hadi kalamu, mwingine anamjibu wee, utamfunza vita halafu akirudi shule apige wenzake na wewe ndo utaitwa kwa ofisi ya mwalimu mkuu. Nimewasikiliza wote na naona kila mtu ameshika kipande cha ukweli, shida ni kwamba wanabishana ni kama mazoezi yote ni mamoja na kumbi zenyewe za mazoezi hazifanani hata kidogo.

Wanaounga mkono hawajajitungia hii story. Taekwondo ilipewa hilo jina Korea mwaka 1955, na Choi Hong Hi aliyeipigania hilo jina aliiwekea mambo matano ambayo wanafunzi hukariri mpaka leo: adabu, uadilifu, uvumilivu, kujitawala, na roho isiyoshindika. Gichin Funakoshi, yule mzee wa karate ya mtindo wa Shotokan, alifunza kwamba karate haina shambulio la kwanza, yaani wewe si wa kuanzisha. Jigoro Kano naye alipoanzisha judo, ule mchezo wa kuangushana, mwaka 1882 alitaka ijenge mtu mzima, akili na tabia, si mikono peke yake. Kwa hivyo kujenga roho ya mtu kulikuwa ndani ya hii michezo mapema, haikuletwa na wenye kutafuta wateja wa likizo.

Lakini roho inajengwaje hasa? Angalia mtoto anayeanza judo. Kitu cha kwanza anafunzwa ni kuanguka, mambo ya kupiga mtu yanawekwa kando kabisa. Anachuchumaa, anaingiza kidevu kifuani, anajiachilia nyuma na kupiga mkeka kwa viganja pale mgongo unapogusa chini. Siku ya kwanza anakaza shingo, amefumba macho, anatanguliza kiwiko na anaumia, anarudia, anarudia tena, na baada ya muda anaangushwa na mtoto mkubwa kumliko na anainuka kujipanga upya kabla kochi hajasema kitu. Hakuna mtu amemhubiria kwamba yeye ni jasiri, ameanguka akaona hafi, basi. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kwamba kinachompa mtu imani kwa uwezo wake kuliko kitu kingine ni kufanya jambo mwenyewe akaliweza, kushauriwa na kusifiwa kunakuja nyuma. Kwa mtoto ambaye ameambiwa "jiamini" mara mia na haijasaidia, hapa ndo mazoezi yanashinda maneno.

Na hapa hapa Nairobi tuna ushahidi wetu. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2013 kuhusu wasichana wa sekondari kwenye mitaa ya mabanda ya hili jiji waliofunzwa kujilinda, masaa 12 ndani ya wiki sita na baadaye wakawa wanakumbushwa. Kabla ya mafunzo, asilimia 24.6 walisema wamewahi kushambuliwa kingono ndani ya mwaka mmoja, baada ya mafunzo ikashuka hadi 9.2, na wale ambao hawakupata hayo mafunzo hali yao haikubadilika kitu. Zaidi ya nusu ya waliofunzwa walisema wameshayatumia kujiokoa. Ni kweli hizo ni hesabu za wasichana wenyewe kujieleza, na kazi ya kukomesha unyama si ya msichana, ni ya anayemshambulia na ya sisi majirani tunaosikia na kunyamaza. Lakini mimi kilichonigusa ni walichofunzwa: kutumia sauti, kusema hapana ukimwangalia mtu machoni, kutambua hatari mapema, kutoroka, ngumi na teke zikawa za mwisho kabisa. Msichana aliyelelewa kuinamisha kichwa mkubwa akiongea, hiyo sauti peke yake ni safari ndefu.

Sasa wale wanaopinga, na wasidharauliwe. Norway mwaka 2005 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wavulana wa miaka 11 hadi 13, na waliokuwa kwenye michezo ya nguvu kama ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na hizi sanaa za kupigana za Mashariki walizidi kuwa wakorofi, hata nje ya mchezo. Yule mzazi anayeogopa kuitwa shule hajaota.

Kuna utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 1986 ambao kwangu ndo unafungua hii mada vizuri. Vijana waliokuwa na tabia za uhalifu waligawanywa makundi matatu, moja likafunzwa taekwondo ya kitamaduni na heshima zake, kutulia na mafunzo ya tabia, la pili likafunzwa kupigana na kujilinda tu bila hayo mengine, la tatu likawa linafanya mazoezi mengine kama kukimbia. Baada ya miezi sita kundi la kwanza ukali ulipungua na kujiheshimu kukapanda, la pili likawa baya kuliko lilivyoanza. Ni vijana wachache sana, huwezi kujengea sheria juu yake, lakini ona vile mateke ni yale yale na matunda yakawa kinyume.

Kwa hivyo mimi nasimama hapa: kumbi nyingi zinauza lile jambo la tano, roho isiyoshindika, na zinasahau la nne lililo karibu yake, kujitawala. Robert Wangila alituletea dhahabu ya ndondi Seoul mwaka 1988, na mwaka 1994 alifariki kwa majeraha ya pambano huko Las Vegas. Simlaumu marehemu hata kidogo, namheshimu sana, nasema tu kwamba roho ya kutokubali kushindwa ina bei yake na mtoto hafai kufunzwa hiyo bila kufunzwa pia kusimama na kusema leo basi.

Halafu kuna hii biashara ya mikanda. Kila baada ya miezi kadhaa kuna gredi, yaani mtihani wa kupanda mkanda, mzazi analipa, mtoto anapiga mateke mawili hewani na anatoka na rangi mpya, hakuna hata siku moja umesikia mtu ameshindwa huo mtihani. Hapo hakuna kujiamini, hapo mtoto anadanganywa, na huu uongo ni hatari kwa mtaa kama wetu. Kijana wa mkanda wa kununuliwa akikutana na mwizi wa simu mwenye kisu hapo stegi usiku atadhani anaweza, na kochi wa maana angemwambia toa simu, rudi nyuma, fika nyumbani. Huyo anayeweza kutoa simu bila kujiona amedharauliwa ndo amefunzwa vizuri.

Kwa mzazi anayejiuliza, nenda ukae pale siku mbili tatu kabla ya kulipa chochote. Tazama mtoto akilia mazoezini nini kinafanyika, anachekwa ama anapewa muda kisha anarudishwa. Wakati wa sparingi, yale mapambano ya mazoezi, tazama wakubwa kama wanapunguza nguvu kwa wadogo. Uliza ni nani alishindwa gredi iliyopita na alisaidiwa vipi, kochi akikuambia wote hupita basi ushajua. Kwa wasichana uliza kama kuna kochi mwanamke. Na ukumbi ambao mzazi haruhusiwi kukaa ndani atazame, mimi mtoto wangu siwezi nikamwacha hapo hata kama ada ni bure.