Mgeni Aliyeokotwa Mpakani

Karibu masomo yangu yote niliyafanya kwa Kifaransa, kama ilivyo kawaida hapa Goma, na Kiingereza nilikipata katika saa chache za darasani na katika soga za madereva wa malori waliotoka Uganda. Hata hivyo, patroni wangu, ambaye hununua kahawa ya Kalehe na ya kisiwa cha Idjwi, aliponiuliza mbele ya wafanyakazi wote kama ningeweza kumpokea mnunuzi mmoja Mwingereza wakati yeye yuko safarini Bukavu, nilimjibu kwamba hilo ni jambo dogo. Wenzangu wote hawakujua hata neno moja la lugha hiyo, na mahali pa namna hiyo mtu huwa mtaalamu upesi sana.

Jioni ujumbe wa mgeni ukaingia katika simu yangu: "Please pick me up at the Grande Barrière at nine." Grande Barrière, kituo cha mpaka wetu na Rwanda, niliifahamu, na saa niliifahamu. Yalibaki yale maneno mawili, "pick" na "up", nayo hayakunitisha, kwa kuwa hakuna mtoto wa Goma asiyeijua pikapu, lile gari lenye bodi wazi nyuma linaloteremsha makala, yaani makaa, na viazi kutoka Masisi. Niliona kwamba mzee huyo amekwisha kusikia habari za barabara zetu zilizojaa mawe ya volkeno, ndiyo maana ameomba gari gumu. Jipi ya patroni ikalala uani. Nilikodi pikapu kwa dola 25, kati ya dola 30 nilizoachiwa kwa matumizi ya siku nzima, na saa tatu kamili asubuhi nikawa mpakani.

Mgeni alitokea upande wa Gisenyi akiwa amevaa suruali nyeupe. Aliitazama pikapu, akalitazama vumbi la makala lililotanda hadi kwenye kiti, akaitazama tena suruali yake, kisha akapanda bila kusema neno.

Njiani tulikwama nyuma ya tshukudu, baiskeli yetu kubwa ya mbao isiyo na pedali, iliyobeba magunia ya kabichi, na mwenye kuisukuma hakuwa na haraka hata kidogo. Hapo mzee akanigeukia kwa upole na kuniuliza: "Where did you pick up your English?" Kamusi yangu ndogo, ambayo nilikuwa nimeifungua usiku kwa ajili ya tahadhari, ilikuwa na tafsiri moja tu ya Kifaransa, ramasser, yaani kuokota. Niliumia moyoni. Nilimjibu kwamba Kiingereza changu sikukiokota mahali popote, na kwamba wazazi wangu walikilipia karo. Alinyamaza hadi tulipofika.

Mchana nilimpeleka kula kando ya ziwa. Tuliletewa sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, tilapia wawili, mboga za lengalenga na fufu, na dereva wa pikapu, ambaye sikumbuki ni nani aliyemkaribisha, aliketi pamoja nasi na kuagiza samaki wake wa pili kabla mimi sijammaliza wa kwanza. Fakture, yaani karatasi ya hesabu ya chakula, ilipoletwa, ilipeperushwa na upepo wa ziwa ikaanguka chini ya meza. Mzee akainama kidogo na kusema: "Let me pick up the bill."

Sasa, mimi nimelelewa. Mtu wa umri wa baba yangu hawezi kuinama chini ya meza kuokota karatasi huku mimi nimekaa nikimtazama. Niliruka, nikapiga magoti, nikaikamata fakture kabla haijaguswa na mkono wake, na kumwambia kwa sauti iliyosikika meza tatu: "No, no! I pick up!" Alikataa. Nilikataa kukataa kwake. Mwishowe akaweka mkono juu ya kifua, macho yakamlegea kwa shukrani, akasema kwamba katika safari zake zote hajapata kuona ukarimu wa namna hii. Msichana aliyetuhudumia akasimama mbele yangu akiwa ameshika sahani ndogo ya kuwekea fedha. "Papa, ni dola 58."

Mfukoni nilikuwa na tano. Niliacha kwa mwenye mkahawa kadi yangu ya mpiga kura, ambayo hapa kwetu ndiyo kitambulisho cha mtu, nikamsindikiza mgeni huku nikitabasamu.

Usiku dada yangu mkubwa, anayefundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, alicheka hadi akalazimika kukaa chini.

"Mdogo wangu, kumpick up mtu ni kumpitia, kwenda kumchukua. Ungeandikiwa 'collect' au 'fetch' ingekuwa vilevile."

Ukipick up fakture, alisema, umekubali kuilipa. Ukipick up simu, umeipokea. Ukipick up lugha, umeiokoteza kwa kusikiliza watu, na hiyo huwa ni sifa. Kilichonistaajabisha zaidi ni kwamba neno lenyewe hupasuka: akitajwa "me" au "him", ni lazima akae katikati, "pick me up", kama abiria kati ya dereva na mlango. Alikuwa bado anaendelea umeme ulipokatika, naye akaenda kulala.

Siku mbili baadaye mgeni aliandika kutoka Kigali, alikoungana na mke wake: "I'm afraid I picked up something in Goma." Safari hii nilikuwa nimejiandaa. Nilizipitia maana zote nilizofundishwa, moja baada ya nyingine. Hakumpitia mtu, hakulipa kitu, hakuzungumzia simu wala lugha. Ikabaki ile ya kamusi, yaani mzee ameokota kitu chetu, pengine kifuko cha kahawa ya sampuli, na sasa anaona haya. Nilimjibu mara moja, bila kumsumbua yaya, yaani dada yangu mkubwa: asiwe na wasiwasi, hicho ni zawadi kutoka kwetu sote, akipeleke nyumbani na amgawie pia mama.

Jibu lake lilifika kesho yake, na yaya ndiye aliyenisomea. Mzee alikuwa anaharisha tangu alipovuka mpaka, na mama alikuwa amekwisha kupata fungu lake.